"Govern" ya Kiingereza: asili yake, na kwa nini "-tawala" peke yake haitoshi

kalamu_nyeusi

Wakuu, salaam. Naomba msaada kuhusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, "govern". Kipo katika maandishi matatu yanayotakiwa kwa Kiswahili, na kila mahali kinasumbua kwa namna yake.

Andiko la kwanza ni mkataba wa huduma: "This Agreement shall be governed by the laws of Tanzania." La pili ni mwongozo wa jenereta ya dizeli wenye sura nzima juu ya "governor" wa injini. La tatu ni kitini cha sarufi ya Kijerumani: "mit governs the dative", yaani neno "mit" ("pamoja na") na dativu, mojawapo ya maumbo ambayo nomino huchukua katika lugha hiyo.

Kamusi zinatoa "-tawala" na "-ongoza", basi. Ukisoma kwa sauti "mkataba huu utatawaliwa na sheria" unaona mtu ameketi kwenye kiti cha enzi, na mtu huyo hayumo kwenye sentensi. "Gavana wa jenereta" ndiyo kabisa: msomaji wa Kisumu atamfikiria mkuu wa kaunti.

Maswali ni haya. Neno hili limetoka wapi hata likabeba maana zote hizi? Linatofautianaje na "rule" na "reign"? Na katika sentensi hizo tatu mngeandika nini?

bin_sukani

Anzia baharini, ndugu, na mengine yatafuata.

Wagiriki walikuwa na kitenzi "kybernan", maana yake kushika usukani wa chombo. Mshika usukani mwenyewe aliitwa "kybernetes". Warumi wakalichukua neno hilo wakalitamka "gubernare", na usukani wakauita "gubernaculum". Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa cha kale kama "governer", na kutoka hapo likafika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 13, wakati Kifaransa kilikuwa bado lugha ya wakubwa Uingereza baada ya Wanormandi kuiteka mwaka 1066. Hakuna mfalme popote katika mwanzo wa neno hili. Kuna mtu amesimama nyuma ya chombo anatazama upepo.

Sasa huo usukani usiufikirie kama wa jahazi la leo, ubao mmoja uliofungwa nyuma kwenye tezi. Meli za Wagiriki na Warumi zilikuwa na makasia mawili makubwa, moja kila ubavu, karibu na tezi. Kila kasia lilifungwa likae mahali pake, na juu yake palichomoza mpini mfupi kuelekea ndani ya chombo, yaani kana. Mshika usukani hakupiga maji kwa kasia hilo. Alisukuma au kuvuta kana, kasia likajizungusha kwenye mhimili wake, ubapa wake ukapokea maji kwa pembe nyingine, na meli nzima ikageuka. Mkono wake ulisogea kidogo tu.

Hapo ndipo kiini cha neno kilipo. Nguvu ya kukipeleka chombo si ya mshika usukani. Ni ya upepo na ya wapiga makasia. Kazi yake ni kuielekeza nguvu iliyopo tayari, na kusahihisha kila wimbi linapokisukuma chombo kando. Akiuacha usukani kwa dakika chache, chombo hakisimami, kinaendelea kwenda, ila kinakwenda kisikotakiwa. Ukilishika wazo hilo, sentensi zako zote tatu zinafunguka: sheria inaelekeza namna mkataba unavyosomwa, kifaa kinasahihisha mwendo wa injini, kihusishi kinaelekeza umbo la nomino inayofuata.

Swali la b na v huulizwa sana. Kwa nini "governor" lakini "gubernatorial"? Kwa sababu "govern" limepitia Kifaransa, na huko b ya Kilatini ikikaa kati ya irabu hugeuka v: "habere" ikawa "avoir", "caballus" ikawa "cheval". Kivumishi "gubernatorial" hakikupita njia hiyo. Wasomi walikitoa moja kwa moja kwenye Kilatini karne kadhaa baadaye, kikabaki na b yake. Kwa Kiswahili hakina shida: "uchaguzi wa ugavana", imekwisha.

Kiingereza chenyewe kabla ya hapo kilikuwa na "steoran", ambalo leo ni "steer". Nalo lilitumika kwa kuelekeza chombo na kwa kuongoza watu. Wenyeji wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa na kasia moja la kuongozea, upande wa kulia, ndiyo maana mpaka leo mabaharia wa Kiingereza huuita upande wa kulia wa meli "starboard", yaani upande wa kuongozea. Hivyo neno la Kifaransa lilipowasili lilikuta fikra ileile imeshakaa. Sisi nasi tunasema fulani "ameshika usukani" wa chama au kampuni, na usukani wetu tumeupata kwa Waarabu, "sukkan".

mzizi_na_tawi

Bin Sukani amemaliza upande wa "govern". Niongeze ndugu zake wawili, maana wafasiri huvichanganya vitenzi hivi vitatu na kuvipa "-tawala" vyote.

"Rule" limetokana na Kilatini "regula", fimbo au ubao ulionyooka wa kupigia mstari, na "regula" limetokana na "regere", kunyoosha, kuelekeza kwa mstari ulionyooka. Rula ya mtoto wa shule na "ruler" wa nchi ni neno moja. Ndiyo sababu "rule" hubeba maana ya kanuni, kipimo na uamuzi. Jaji aki-"rule" hajatawala mtu. Ameamua, ametoa uamuzi. Mpelelezi aki-"rule out" kitu, ameondoa uwezekano wake. Magazeti yetu huandika "mahakama imetawala kwamba", nalo ni kosa linalomwonyesha Mwingereza nyuma ya pazia. Andika "mahakama imeamua".

"Reign" linatokana na "regnum", ufalme, ambalo nalo ni la ukoo huohuo wa "regere" na "rex". Hili linahusu kukaa kwenye enzi tu, hata kama aliyekaa haendeshi chochote. Mwaka 1830 Mfaransa Adolphe Thiers aliipa tofauti hii sentensi iliyodumu: mfalme hukalia enzi, lakini haendeshi serikali. Ndivyo ilivyo Uingereza hadi leo. Kwa hiyo "during the reign of" iandike "enzi za" au "wakati wa ufalme wa". "Enzi za Sayyid Said" ni Kiswahili safi, na "enzi" lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu la nguvu na heshima.

Kuna la tatu linalotamkwa sawasawa na "reign", nalo ni "rein", hatamu ya farasi, kutoka "retinere", kuzuia. Wenye lugha yao wenyewe hukosea hapa kila siku: huandika "free reign" wakati ni "free rein", yaani kulegezewa hatamu. Mfasiri akikuta kosa hilo kwenye chanzo asitafsiri ufalme. Aandike "uhuru kamili wa kutenda". Na "rein in" ni kubana, kuvuta hatamu. Bahati nzuri Kiswahili kina picha zote mbili: "kushika usukani" na "kushika hatamu". Enzi za chama kimoja Tanzania kauli ya "chama kushika hatamu" ilikuwa midomoni mwa kila mtu, na hiyo ni lugha ya mpanda mnyama. Usukani huelekeza, hatamu huelekeza na kuzuia pia. Usizibadilishe ovyo.

Sasa tutazame maneno yetu, kwa sababu hapo ndipo uchaguzi ulipo.

"-tawala" ni la Kiarabu, "tawalla", kushika jukumu la jambo. Mzizi wake ni w-l-y, wenye wazo la kuwa karibu, kupakana, kisha kuwa msimamizi. Humohumo wametoka "liwali", ambaye ni "al-wali" aliyemezwa pamoja na kiambishi chake, na "wilaya", na hata "walii" anayemwozesha binti. Walii wa harusi hamtawali bibi harusi. Anasimama karibu naye kwa niaba yake. Kwa hiyo "-tawala" halikuzaliwa na taji. Tanzania bado inalitumia hivyo: Katibu Tawala wa Mkoa ni msimamizi wa shughuli za ofisi, na TAMISEMI ni Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kenya kuna Polisi wa Utawala. Hapo "tawala" ni uendeshaji wa shughuli za umma. Lakini likiwa kitenzi, na hasa likinyambuliwa kuwa "-tawaliwa", msomaji wa leo hulisikia kama kuwa chini ya mtu, na historia ya ukoloni imelipa uzito huo. Hiyo ndiyo sababu sentensi yako ya mkataba inakwaruza sikio.

"Serikali" ni la Kiajemi, "sarkar": "sar" ni kichwa, "kar" ni kazi. Mkuu wa kazi. Na "nahodha" pia ni Mwajemi, "nakhuda", bwana wa chombo. Kwa kweli nalipenda sana jambo hili: Mgiriki aliitazama serikali akaona usukani, Mwajemi akaona kazi na mkuu wake, Mwarabu akaona aliye karibu na jukumu, na Kiswahili kimebeba fikra zote tatu bila kuzigonganisha.

fundi_wa_mzunguko

Nijibu la jenereta, kwa sababu hapo kosa la tafsiri linaweza kuharibu mashine.

Kwanza jina. Karakana nyingi husema "gavana". Usiliogope, Kiswahili kinakupa ngeli ya kulitenganisha: gavana mtu ni "gavana wa kaunti amefika", gavana kifaa ni "gavana ya injini imekwama". Mara ya kwanza andika "gavana ya injini, yaani kidhibiti mwendo", kisha endelea na "gavana" lenye upatanisho wa i-/zi-. Kosa ni kuandika "gavana wa injini amekwama".

Pili, elewa kifaa kinafanya nini, utaona ni mshika usukani yuleyule. Ile ya zamani ya James Watt, aliyoifunga kwenye injini za mvuke mwaka 1788, ilikuwa na mhimili wa wima unaozungushwa na injini yenyewe. Juu ya mhimili kuna mikono miwili, kila mmoja na tufe la chuma mwishoni. Mikono hiyo imeunganishwa na pete inayoteleza juu na chini kwenye mhimili, na pete inasukuma wenzo unaofungua au kubana vali ya mvuke. Injini ikienda kasi, matufe yanatanuka kwenda nje, pete inapanda, vali inabanwa, mvuke unapungua, kasi inashuka. Injini ikilemewa, matufe yanarudi ndani, pete inashuka, vali inafunguka. Wazo hilo Watt hakulibuni kutoka hewani. Mashine za upepo za kusagia nafaka zilikwisha kulitumia kurekebisha nafasi kati ya mawe ya kusagia.

Udhaifu wake mmoja uliua watu. Gavana nyingi zilizungushwa kwa mkanda. Mkanda ukikatika, mhimili unasimama, matufe yanaanguka ndani, na gavana "inadhani" injini imesimama. Inafungua vali mpaka mwisho. Injini inakimbia bila breki hadi gurudumu zito linapasuka vipande. Ndiyo maana baadaye yakawekwa makufuli ya kuzima injini mkanda unapokatika.

Kwenye dizeli yako gavana ya mitambo imo ndani au ubavuni mwa pampu ya nozeli: vyuma vidogo vinavyotanuka vinashindana na springi, na matokeo yake yanasogeza fimbo inayopima dizeli. Za kisasa hutumia kihisio cha mzunguko na kompyuta ndogo, kazi ni ileile.

Maneno mawili ya mwongozo yatakusumbua. La kwanza ni "droop". Ni kiasi ambacho mwendo unaruhusiwa kushuka kutoka bila mzigo hadi mzigo kamili. Jenereta ya ncha nne za sumaku kwa umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, huzunguka mara 1500 kwa dakika. Ikiwa imepangwa kwa asilimia 4, bila mzigo itazunguka mara 1560, yaani hezi 52, kisha itashuka hadi 1500 ikibeba mzigo wote. Huo si ubovu. Fundi asiyejua akiona hezi 52 bila mzigo anaushusha mwendo hadi 50, na mzigo ukiingia jenereta inakwenda hezi 48. Iite "mshuko wa mwendo", na usiandike "upungufu", kwa sababu "upungufu" humfanya msomaji atafute cha kurekebisha.

La pili ni "hunting". Usiandike "uwindaji". Ni pale injini inapopanda na kushuka mwendo yenyewe, vuum-vuum, bila mzigo kubadilika. Gavana inasahihisha kupita kiasi, kisha inasahihisha usahihishaji wake. Iite "kuyumba kwa mwendo". Ukitafsiri sehemu ya kutafuta ubovu, tunza mpangilio wa hatua kama ulivyo kwenye chanzo. Kwa kawaida huanza na hewa kwenye mfumo wa dizeli na chujio lililoziba, kisha viungo vya wenzo vilivyokwama au pini zilizolika, na skrubu ya kurekebisha wepesi wa gavana huwa mwisho kabisa. Anayeanza na skrubu huficha ubovu mwingine chini yake.

Na tahadhari moja. Kifaa cha kwenye matatu, kilicholazimishwa Kenya tangu Februari 2004 kwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, nacho huitwa "spidi gavana". Lakini kile kinaweka kikomo cha juu tu; hakiongezi mwendo gari likipanda mlima. Ya jenereta inafanya kazi pande zote mbili. Wasomaji wa Kenya wamezoea "kidhibiti mwendo" kwa kile cha matatu, kwa hiyo katika mwongozo wako eleza mara moja kwamba hiki kinapandisha na kushusha.

wakili_wa_mwambao

Kipengele cha mkataba: "Mkataba huu utaongozwa na kufasiriwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania." Hata kama Kiingereza hakina "and construed", maana hiyo imo ndani ya "governed", na mahakama ya Kiswahili itaelewa.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, wafasiri huandika "utakuwa chini ya mamlaka ya sheria za Tanzania". Neno "mamlaka" liache kwa kipengele kinachofuata, cha mahakama ipi itasikiliza mgogoro. Hayo ni maswali tofauti. Wahusika wanaweza kukubaliana sheria ya Tanzania iongoze mkataba, huku mgogoro ukisikilizwa na waamuzi London. Ukitumia "mamlaka" mahali pote pawili, umewapa mawakili wa upande wa pili mlango.

La pili si la lugha, lakini mfasiri makini huliona. "The laws of Tanzania" ina utata. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ni ya Tanzania Bara. Mikataba si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake. Usiongeze "Bara" kwa uamuzi wako. Tafsiri kilichoandikwa, kisha mwandikie mteja barua pepe umwulize.

Kwa kuongezea, kwa sababu utakutana nayo: "governing body" ni "baraza la uongozi" au "chombo cha uongozi". "Board of Governors" ya Benki ya Dunia na ya Shirika la Fedha la Kimataifa ni "Bodi ya Magavana". Ya shule za Kenya ilikuwa hivyo, lakini tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ni bodi ya usimamizi, kwa hiyo tazama tarehe ya andiko. "Good governance" ni "utawala bora", hilo limekwisha kukaa, hata tume ya Tanzania inaitwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na "self-government" ya historia ya Kenya ni "madaraka", ndiyo Siku ya Madaraka, Juni 1, 1963. Usiandike "serikali binafsi".

lugha_bukavu

Kwa sisi wa Kongo hili halina giza, kwa sababu Kifaransa hakijaisahau bahari. Usukani wa meli kwa Kifaransa ni "gouvernail" mpaka leo, na baharia anaposema "gouverner" anaweza kumaanisha kugeuza chombo tu. Neno moja, nahodha na waziri mkuu. Nchini mwetu mikoa ni 26 tangu 2015 na kila mmoja una "gouverneur". Redio za Kiswahili humwita gavana, na linaeleweka kutoka Goma hadi Lubumbashi.

kalamu_nyeusi

Asanteni sana, wakuu. Nimeandika hivi, nisahihishieni:

"Mkataba huu utaongozwa na kufasiriwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania."

"Gavana ya injini, yaani kidhibiti mwendo, hupandisha na kushusha kiasi cha dizeli ili mzunguko usitoke kwenye kipimo."

"Kihusishi 'mit' kinaongozwa na dativu."

Swali dogo: "governess" katika riwaya ya karne ya 19 ni gavana mwanamke?

ngeli_na_upatanisho

Ya tatu umeipindua. Kihusishi hakiongozwi, ndicho kinachoongoza. Katika Kijerumani "mit" hulazimisha neno linalofuata lichukue umbo la dativu: "mit dem Mann". Kihusishi "für" ("kwa ajili ya") hulazimisha akuzativu, umbo la mtendwa: "für den Mann". Mtu ni yuleyule, neno dogo lililo mbele yake linabadilika kutoka "dem" kwenda "den" kwa amri ya neno lililotangulia. Andika: "Kihusishi 'mit' hudai dativu." Wanaisimu huandika "hutawala", nalo linakubalika katika kitabu cha nadharia, lakini mwanafunzi anayeanza ataelewa "hudai" mara moja.

Ukitaka mfano wa Kiingereza kwa wanafunzi wako, chukua "between you and me". "Between" hudai umbo la mtendwa, kwa hiyo "me". Wengi husema "between you and I" wakidhani ndiyo adabu, na ni kosa.

Kiswahili hakina mabadiliko hayo kwenye nomino, lakini kina kitu cha karibu unachoweza kukiegemea: nomino kudai upatanisho. "Kitabu kile kimepotea", "vitabu vile vimepotea". Nomino imeshika usukani, na viambishi vyote vya nyuma vinageuka nayo. Waonyeshe mfano huo kwanza, ndipo uwaletee "mit" na "für", hawatapotea.

"Governess" si gavana. Ni mwalimu wa kike aliyekaa nyumbani kwa matajiri kufundisha watoto wao. "Mwalimu wa nyumbani" inatosha. Usiandike "yaya", kwa sababu yaya hulea na huyu alifundisha, na katika nyumba zile tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Gavana mwanamke kwa Kiingereza cha leo ni "governor" tu.

Kosa la tahajia la kuwaonya wanafunzi: "goverment" bila n. Ni "govern" likaongezwa "-ment", n haitoki hata kama haisikiki.

bin_sukani

Nimalizie na tawi moja ambalo halijatajwa, kwa sababu linafika mtaani kwetu.

Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala ya hesabu kuhusu gavana za injini, akitafuta hasa kwa nini nyingine hutulia na nyingine huyumba, jambo lile lile alilolieleza fundi. Miaka 80 baadaye, 1948, Norbert Wiener wa Marekani alitaka jina la elimu ya kudhibiti na kuwasiliana katika mashine na viumbe. Akairudia gavana ya Maxwell, akarudi nyuma hadi Kigiriki, akachukua "kybernetes" na kuunda "cybernetics". Kutoka hapo wakakata kipande cha mbele, "cyber", wakakibandika kwenye kila kitu cha kompyuta. Kipande hicho ndicho "saiba" ya mitaa ya Nairobi, unakokwenda kuchapisha karatasi na kujaza fomu za mtandaoni. Na programu ya Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, imechukua neno la Kigiriki zima zima. Nembo yake ni gurudumu la usukani wa meli lenye mikono saba.

Kwa hiyo, kalamu_nyeusi, ukikutana na "cyber" katika andiko la sheria, usihangaike kutafuta usukani ndani yake; maana hiyo imeshafutika. Sheria ya Tanzania ya 2015 inaitwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, na "mtandao" ndilo neno la kutumia.